Chembe nyeupe za damu, walinzi wetu mbele ya kuvu



Mvua ikishika mwezi wa Novemba, kando ya barabara ya Kolwezi kwenda Likasi wamama wanaketi na mabeseni ya uyoga. Kuna uyoga mwingine mpana kama mwavuli wa mtoto. Tunaununua, tunaupika, tunaula na bukari, na hakuna anayeuogopa. Wiki zile zile, mbele ya dispansere, mstari unarefuka: mchimbaji anayetoka ngozi kati ya vidole vya miguu, mtoto mwenye duara zisizo na nywele kichwani, mama anayejikuna chini ya matiti, na mara moja moja mtu mzima ambaye ulimi wake umefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

Wachache wanajua kwamba uyoga wa beseni na maradhi haya ni ukoo mmoja. Ukoo huo unaitwa kuvu. Wengine wanasema fangasi, na katika karatasi zetu za lupitalo utaona wameandika mikoze. Levire inayoumusha mkate ni kuvu. Kijani kinachoota juu ya mkate wa siku nne ni kuvu. Hata penisilini, dawa iliyookoa watu wengi sana, ilipatikana katika kuvu mwaka 1928. Basi tusiseme kwamba kuvu ni adui siku zote.

Na hata tukitaka kuikimbia, tutakimbilia wapi? Iko katika udongo, katika mbao, katika mavi ya njiwa, juu ya ngozi yetu, ndani ya matumbo yetu. Kila siku kila mmoja wetu anavuta kwa pua mamia ya mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho. Sasa ndugu msomaji ajiulize: kama kila mtu anaivuta, kwa nini wengi hawaugui? Na kwa nini yule mmoja anaugua mpaka kufa? Jibu liko zaidi katika damu ya mtu kuliko katika kuvu yenyewe.

Tusipite mbio. Ulinzi wa kwanza si damu, ni ngozi nzima isiyo na nyufa, na ni joto letu. Kuvu nyingi zinapenda baridi ya udongo. Digrii 37 za mwili wa mtu haziziwezi. Hii ndiyo sababu kuvu zinazoweza kutusumbua ni chache, ingawa ukoo wenyewe ni mkubwa mno. Hizo chache zinazovumilia joto letu zinakutana na walinzi wa pili, yaani chembe nyeupe za damu.

Ukichukua tone la damu dogo kama kichwa cha pini, milimita moja kila upande, utakuta ndani yake chembe nyekundu milioni nne au tano. Hizo ndizo wapagazi wa hewa safi. Katikati ya umati huo kuna chembe nyeupe 4,000 mpaka 10,000 tu. Zote zinazaliwa ndani ya mifupa, katika uboho, ule ute ambao tunapenda kuufyonza siku ya nyama. Uboho haulali. Unafanya kazi posti tatu kwa siku, kama sisi, na hauna siku ya mapumziko.

Mtu aliyeonyesha kwanza kwamba chembe hizi zinapigana alikuwa Élie Metchnikoff, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ukraine. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicilia, Italia, alichoma miiba midogo katika kitoto cha mnyama wa baharini anayefanana na nyota, mwenye mwili unaopitisha mwanga kama kioo. Asubuhi alikuta chembe zimeuzingira mwiba pande zote. Baada ya hapo alitazama kiroboto cha maji, mdudu mdogo sana wa madimbwi. Mdudu huyo alikuwa akimeza mbegu za kuvu zenye ncha kali kama sindano. Sindano zikitoboa tumbo lake na kuingia mwilini, chembe zilikuja kuzishika na kuzila. Zikiwahi, mdudu alipona. Kuvu ikizaa upesi kuliko chembe zinavyokula, mdudu alikufa. Aliandika habari hiyo mwaka 1884, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Mimi napenda kuwakumbusha wanafunzi wetu wa uuguzi habari hii: vita vya kwanza ambavyo Metchnikoff alivichunguza kati ya chembe hizi na ugonjwa wa kweli vilikuwa vita na kuvu.

Sasa tutazame ekipi yenyewe. Chembe nyeupe si za namna moja. Kuna nutrofili, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi. Hizi ni ekipi ya haraka: zinazunguka katika damu muda mfupi, na zikisikia hatari zinapenya ukuta wa mshipa na kukimbilia mahali penyewe. Nyingi zinafia huko huko. Usaha unaouona katika kidonda kwa sehemu kubwa ni maiti za nutrofili. Kuna makrofaji, ambazo ni kubwa zaidi na zinaishi muda mrefu. Hizi zinakaa mahali pao pa kazi, katika mapafu, katika ini, chini ya ngozi, kama walinzi wa geti. Na kuna limfositi, ambazo zinajua kukumbuka adui na kutoa amri. Kati ya limfositi, wale wanaoitwa CD4 ndio kapita wa kazi. Kapita hashiki sururu, lakini kapita asipofika, ekipi inakaa.

Namna gani mlinzi anaitambua kuvu? Kwa ukuta wake. Kila chembe ya kuvu imejengewa ukuta wa sukari za namna ambayo mwili wa mtu hauna kabisa. Makrofaji ana vipokeo juu yake vinavyogusa sukari hiyo, sawa na mlinzi wa geti anayetazama beji: huyu si wa kampuni yetu. Kimoja cha vipokeo hivyo kilitambulikana mwaka 2001 na watafiti wa Oxford, Uingereza.

Mgeni akiisha kutambulikana, makrofaji anamzunguka na kummeza, kisha anaita nutrofili. Nutrofili nazo zinameza. Na ndani ya tumbo lao wanammwagia nini? Wamama watacheka: maji ya javeli! Si mfano tu wa kusema. Nutrofili inatumia hewa ya oksijeni kutengeneza kwanza dawa ile ile ya kutoa povu ambayo sisi tunasafishia vidonda, na kutoka hapo inatengeneza tindikali ile ile inayofanya nguvu ya javeli. Kila nutrofili ni kiwanda kidogo cha javeli, na kuvu inaungulia humo.

Lakini kuvu nayo ina ujanja. Kuna kuvu moja inaitwa kandida, ndiyo ya utando mweupe wa kinywa na ya muwasho wa wamama. Ikiwa mviringo kama yai, inamezwa kwa urahisi. Ikiona hatari inajinyoosha kuwa uzi mrefu, na uzi huo unaweza kumtoboa makrofaji aliyeimeza. Hapo nutrofili zinabadilisha kazi. Haziwezi kumeza uzi mrefu kuliko zenyewe, basi zinajipanga kandokando yake na kuumwagia sumu kutoka nje. Zingine zinapasuka kwa hiari na kurusha nyavu zilizotengenezwa kwa nyuzi za urithi wao wenyewe, zenye sumu ndani yake, na kuvu inanaswa kama samaki wa Lualaba. Nyavu hizo zilielezwa mara ya kwanza mwaka 2004 na watafiti wa Berlin, Ujerumani.

Basi tukija kwenye mabote yetu. Mtu atauliza: kama chembe hizi zina nguvu hivyo, kwa nini kuvu ya miguu haiishi? Swali zuri. Kuvu ya miguu haiingii ndani ya mwili. Inakula ngozi iliyokufa, ile ya juu kabisa, na kucha, na nywele. Mahali hapo damu haifiki. Askari wako chini ya dari, adui yuko juu ya paa. Ule wekundu na muwasho unaosikia ni kelele za chembe nyeupe zinazojaribu kumfikia. Ndiyo maana tunakupa mafuta ya kupaka: dawa inapita kwa juu, mahali ambapo damu haiwezi. Na ndiyo maana tunasema uendelee kupaka wiki mbili zaidi baada ya muwasho kwisha, maana kelele zikinyamaza haina maana kwamba paa limesafika. Kwa kucha ni miezi mingi. Kwa mtoto mwenye duara kichwani, mafuta peke yake hayatoshi, sababu kuvu imeingia ndani ya shina la unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, na ndugu zake anaolala nao watazamwe pia.

Wale wa chini ya ardhi, Kamoto na kwingine, wanajua joto na unyevu wa huko. Mguu unaokaa saa nane ndani ya bote la mpira ni shamba lililomwagiliwa maji. Ukitoka kazini, osha, kisha kausha kati ya kila kidole, hasa kile cha mwisho ambacho watu wanakisahau. Leta soseti za pili. Usiazime bote la mwenzako. Usidharau ufa mdogo kati ya vidole, kwa sababu mikrobu zingine zinaingilia hapo, na mtu anaweza kuamka na mguu umevimba mpaka gotini, na homa kali juu yake.

Juu ya mgodi kuna habari moja ambayo kila mchimbaji anafaa kuijua, ingawa haikutokea kwetu. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kati ya mwaka 1941 na 1944, karibu wafanyakazi 3,000 walishikwa na kuvu moja inayoitwa sporotriksi. Ilikuwa inaota juu ya mbao za kushikilia dari, zikalowa katika joto la chini. Mtu akikwaruzwa na mbao hizo, kuvu iliingia chini ya ngozi. Kwanza uvimbe mmoja pale penye mkwaruzo. Kisha uvimbe wa pili, wa tatu, wa nne, ukipanda mkono kama shanga katika uzi. Mstari huo ulikuwa mishipa ya limfu, barabara ambayo chembe nyeupe zinapita, na kila uvimbe ulikuwa mahali ambapo chembe zimeizingira kuvu na kuizuia isiende mbali. Ugonjwa ulitibiwa kwa kunywa dawa ya iyodi, na ulikoma mbao zilipopakwa dawa ya kuua kuvu. Basi mkwaruzo wa mbao uoshwe siku hiyo hiyo na uandikwe katika kitabu cha ajali, hata kama kapita anasema si kitu.

Hapo tumeona askari walio wazima. Sasa tufike kwenye jambo zito: ni nini kinachowaua au kuwafunga mikono?

Kwanza, vumbi. Mawe yetu ya shaba si laini. Wafanyakazi wa jiolojia wanajua yale yanayoandikwa R.S.C., mawe yenye silika nyingi. Vumbi lake likiingia ndani kabisa ya mapafu, makrofaji analimeza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Lakini jiwe haliungui kwa javeli. Makrofaji anakufa, jiwe linatoka, makrofaji mwingine analimeza, anakufa naye. Miaka inapita namna hii na pafu linajaa makovu. Geti likibaki bila mlinzi, kifua kikuu kinaingia kwa urahisi. Kifua kikuu nacho kikitibiwa kinaweza kuacha shimo katika pafu, na ndani ya shimo hilo kuvu inayoitwa aspajili inajenga nyumba, mviringo kama mpira. Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa zake zote za kifua kikuu, kisha baada ya mwaka mmoja au miaka mitano akaanza kutema damu, asianze tena vidonge vya zamani kwa mawazo yake. Aje apigwe picha ya kifua. Pengine si kifua kikuu kilichorudi, ni mpangaji mpya. Na maski inayoning'inia shingoni haimlindi makrofaji hata mmoja.

Pili, sukari. Mtu ambaye ugonjwa wa sukari haujatibiwa ana nutrofili nyingi, lakini zimelegea. Zinachelewa kufika na zinameza polepole. Mwanamke ambaye muwasho wa kandida unarudi kila mwezi, au mwanaume wa miaka 50 anayeshikwa na kuvu ya uume bila sababu, apimwe sukari kabla ya kupewa tube lingine.

Tatu ni jambo ambalo tunaliona kila siku na linatukasirisha. Ni zile dawa za jamaa ya kotizoni. Munganga anazitoa kwa sababu maalumu na kwa siku alizohesabu. Lakini sokoni watu wananunua vidonge vya deksametazoni ili wanenepe mashavu, na mafuta ya kung'arisha ngozi ambayo ndani yake mna kotizoni kali. Kazi ya kotizoni ni kuwanyamazisha chembe nyeupe. Ukiipaka juu ya kuvu ya ngozi, siku ya tatu muwasho unakwisha, wekundu unapotea, unamsifu aliyekuuzia. Kumbe umewaambia askari walale. Kuvu inaendelea kutambaa kimya, na baada ya wiki chache duara moja limekuwa mgongo mzima, tena halifanani na kuvu, hata munganga anababaika. Mama, ukija dispansere na ngozi, leta na kile kitube ulichokuwa unapaka. Hatutakugombeza. Tunataka kusoma kilichoandikwa tu.

Nne ni SIDA. Virusi vyake vinachagua kumuua CD4, kapita mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya ana CD4 500 au zaidi katika tone lile dogo tulilolitaja. Virusi visipotibiwa vinazipunguza polepole, miaka mingi, na mtu anaendelea kufanya kazi kama kawaida. Zikifika chini ya 200, ekipi haina wa kuiita. Ndipo kandida, ambayo ilikuwa inakaa kinywani mwake toka utoto bila kumdhuru, inapanda juu ya ulimi na kushuka kooni, na kumeza bukari kunakuwa kama kumeza misumari. Utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga ni kitu cha kawaida. Kinywani mwa mtu mzima asiye na meno ya bandia na asiyetumia dawa kali, ni barua. Ifunguliwe kwa kupimwa damu.

Na hapa nchi yetu ina historia yake. Kuna kuvu nyingine, kriptokoko, inayopenda mavi ya njiwa na udongo. Inavaa koti nene la utelezi, na makrofaji akitaka kuishika, inateleza. Kwa mtu mwenye CD4 za kutosha, chembe zinaizingira katika mapafu na habari inaishia hapo; hata hajui. Kwa mtu asiye nazo, inapita katika damu mpaka kwenye ngozi zinazofunika ubongo. Mwaka 1953 madaktari waliandika habari ya mgonjwa wa namna hiyo katika Kongo ya Wabelgiji, na wakati ule ilikuwa kitu adimu. Damu moja iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959 ilihifadhiwa, na miaka mingi baadaye ilikutwa na virusi vya SIDA ndani yake. Wakati Léopoldville ilipokwisha kuwa Kinshasa, madaktari wa lupitalo ya Mama Yemo, kati yao Dkt. Bila Kapita, walikuwa wakiona watu wazima waliokonda, wenye kuvu ya kinywa na ya ubongo. Oktoba 1983 yeye na wenzake wa Ubelgiji na Marekani waliwatambua wagonjwa 38 wa SIDA katika wiki tatu tu, na mwaka 1984 dunia ilisoma habari hiyo. Waume na wake walikuwa karibu sawa kwa hesabu. Kwa hiyo kuvu ndiyo iliyopiga kengele kabla ya virusi vyenyewe kupewa jina.

Sasa nataka kila mtu anayeshika ukurasa huu, na hasa wamama, asome polepole. Kuvu ya ubongo haianzi kwa kishindo. Inaanza kwa kichwa. Kichwa kinauma leo, kesho, wiki nzima. Mtu anameza parasetamoli, kinapoa kidogo, kinarudi. Watu wanasema ni malaria. Anapewa dawa ya malaria, kichwa hakiondoki. Wanasema ni mawazo ya deni. Wiki ya pili anatapika bila kula kitu kibaya, mwanga wa jua unamuumiza, anaona watu wawili badala ya mmoja, shingo inakaza. Wiki ya tatu anasema maneno yasiyoshikana, na hapo jirani anasema amelogwa, anapelekwa mbali na lupitalo. Katika safari hiyo wengi wanakufa.

Na hata wale wanaofika, kuna jambo linalotukwamisha mlangoni. Munganga anasema: tuchukue maji ya uti wa mgongo. Familia inakataa. Katika makambi yetu neno limeenea kwamba anayechukuliwa maji ya mgongo hafiki kesho, au anabaki kiwete. Mimi nimesimama kando ya vitanda vingi wakati wa mabishano hayo, na ninaelewa hofu, sababu jirani amekwisha kuona mtu akichukuliwa maji asubuhi na kufa jioni. Lakini mtu huyo aliletwa wiki ya tatu. Kilichomuua ni kuvu.

Sindano inaingia chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia, zimebaki nyuzi zinazoelea katika maji. Haichomi uti. Na kwa ugonjwa huu maji hayo hayatolewi kwa kupima tu. Kuvu na koti lake zinaziba njia za kutokea, maji yanajaa ndani ya kichwa, na mkandamizo unapanda kama boila isiyo na vali. Ndio unaompofusha mtu, ndio unaomuua. Kuyatoa ni kufungua vali. Mgonjwa aliyekuwa analia kwa maumivu anaweza kupata nafuu kabla hata hajaondoka kitandani. Mara nyingine inabidi kutoa tena kesho, na kesho kutwa. Munganga akisema mara ya tatu, msidhani amekosa la kufanya.

Kabla ya kutoa maji kuna mambo ya kutazama. Mgonjwa akiwa na degedege, au upande mmoja wa mwili umelegea, munganga atafikiri kwanza. Hilo ni lake kuamua. Ninachoomba ni kwamba familia isiamue kabla yake.

Dawa ziko, na zimeendelea. Zamani ilihitajika kumtundikia mgonjwa amfoterisini siku nyingi mfululizo, dawa inayochosha figo na kupunguza damu. Watafiti walijaribu njia nyingine kwa wagonjwa zaidi ya 800 katika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe: amfoterisini ya namna mpya, kipimo kikubwa mara moja tu, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Majibu yalitoka mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaishauri njia hiyo. Inafanya kazi sawa na ile ya zamani na haiumizi figo sana. Lakini tusidanganyane: hata kwa matunzo hayo mazuri, karibu mgonjwa mmoja katika wanne alikufa ndani ya wiki 10. Dawa inaua kuvu, lakini haiwezi kuwarudisha kapita kwa siku moja. Kapita wanarudi kwa dawa za SIDA, pole pole, miezi; nazo baada ya kuvu ya ubongo zinaanzwa wiki nne mpaka sita baadaye, si siku hiyo hiyo, maana askari wakirudi wote kwa ghafula wanapigana ndani ya kichwa na kuleta uvimbe. Mgonjwa asikasirike akiambiwa angoje.

Bora kabisa ni kuikamata kriptokoko ingali katika damu, kabla haijapanda. Kuna kipimo cha kikaratasi kinachotumia tone la damu na kutoa jibu kwa dakika 10 hivi. Yule ambaye anajua ana virusi, na CD4 zake ziko chini ya 200, au aliacha dawa miezi kadhaa na sasa anarudi, aulize kipimo hicho kwa jina: kipimo cha kriptokoko. Akikutwa nayo na kichwa hakimuumi, wanganga bado watataka kuyatazama maji ya mgongo. Yakiwa safi, vidonge vya flukonazoli vinaweza kumzuilia asifike kwenye kitanda kile.

Kichwa kikiuma zaidi ya siku saba mfululizo, na dawa ya malaria haikusaidia, njooni dispansere bila kungoja siku ya malipo. Mkija, mtueleze siku ya kwanza kilipoanza, dawa zote alizomeza pamoja na zile za sokoni, na kama anapata dawa za SIDA, semeni kwa mwuguzi mkiwa peke yenu naye. Jina la ugonjwa haliandikwi katika karatasi inayokwenda kwa kapita wa kazi.